Jimbo la uchaguzi, kaunti, wilaya: Bugangaizi ipi?

Juzi kwenye takisi ya Hoima kwenda Kagadi, kijana mmoja aliyekulia Kenya aliuliza gavana wa Bugangaizi, eneo letu la magharibi mwa Uganda, ni nani. Mama mmoja Mkongomani akamjibu kwamba lazima gavana yupo, maana Bugangaizi ni jimbo. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, hata redioni, hivyo naandika.

Jimbo la uchaguzi ni eneo lililowekewa mipaka ili wapigakura wake wamchague mbunge mmoja. Maana yake ni hiyo tu. Jimbo halina serikali yake wala gavana.

Vurugu inatokana na njia ambazo Kiswahili kimetufikia. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la mbunge, na akiwa Mkatoliki ni eneo la askofu pia. Kwa Mkongomani ni mkoa mzima wenye gavana, kama Ituri. Mkenya eneo la mbunge huliita eneo bunge, na akisikia majimbo hukumbuka serikali za mikoa zilizokuwa kwenye katiba yao ya 1963. Sisi Uganda tumepokea kote, kwa hiyo tunaweza kukaa meza moja, tukatamka neno moja, na kila mtu akawa na lake kichwani.

Neno linalonisumbua zaidi ni kaunti. Waingereza walikuja nalo kutoka kwao, na kwao lilitoka Ufaransa, likimaanisha eneo la bwana mwenye cheo fulani. Walipofika katika ufalme wa Buganda wakakuta masaza, yaani maeneo makubwa ya utawala, wakaona yanafanana na ya kwao, wakayabandika jina hilo. Makubaliano ya 1900 yaliorodhesha masaza 20, na Bugangaizi na jirani yake Buyaga yalikuwamo, ingawa yalikuwa ya ufalme wa Bunyoro kabla Waingereza hawajaipa Buganda kama tuzo ya kusaidia vita dhidi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Kwa hiyo kaunti ya Uganda ni saza lililovaa jina la Kizungu. Chini yake kuna gombolola (kaunti ndogo), kisha muluka (parokia). Ukitafuta huku kinacholingana na kaunti ya Kenya, nenda wilayani.

Sasa mbona kaunti na jimbo vinachanganywa? Kwa sababu Katiba ya 1995, ibara ya 63, inataka kila kaunti iwe na angalau mbunge mmoja, na jimbo lisivuke mpaka wa kaunti. Majimbo yakachukua majina ya kaunti, na kaunti mpya ikizaliwa, mbunge mpya huzaliwa nayo. Mwaka 1996 tulikuwa na majimbo 214. Mwaka 2021 yalikuwa 353.

Hapo ndipo historia inapopotoshwa. Watu husema "jimbo la Bugangaizi limepiga kura tangu 1964." Hapana, jamani. Kura ya Novemba 1964 ilikuwa kura ya maoni. Watu wa Buyaga na Bugangaizi waliulizwa kama wabaki Buganda, warudi Bunyoro, au wawe wilaya yao wenyewe. Walioruhusiwa kupiga kura ni wale walioandikishwa 1962, ndiyo maana askari wa zamani waliopelekwa na Buganda kukaa Ndaiga, huko Buyaga, hawakuhesabiwa. Wakachagua kurudi Bunyoro. Hakuna mbunge aliyechaguliwa siku ile. Na miaka miwili kabla yake, wabunge wa Buganda walikuwa wamechaguliwa na Lukiiko, baraza la ufalme huo, wananchi hawakuwapigia kura moja kwa moja. Kura ile ya watu wa kaunti hizi ilihusu ardhi yao ni ya nani. Ni historia nzito, inastahili kutajwa kwa jina lake.

Kosa la pili huumiza wagombea. Leo Bugangaizi ni zaidi ya jimbo moja, zikiwamo Bugangaizi Mashariki na Bugangaizi Magharibi, kila moja na mbunge wake, katika Wilaya ya Kakumiro iliyokatwa kutoka Kibaale. Mtu akichukua kura za Bugangaizi ya zamani akazilinganisha na za Mashariki ya leo, atasema mbunge amekimbiwa na nusu ya watu wake. Hawakumkimbia. Mpaka ndio uliosogea, na vijiji vyao sasa viko kwa mwenzake.

Halafu kuna karatasi ya tatu. Siku ya kura mtu wa Kakumiro hupewa karatasi ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke. Huyu wa mwisho huchaguliwa na wilaya nzima. Robinah Nabbanja, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2021, aliingia Bungeni kwa karatasi hiyo, akiwa mbunge mwanamke wa Wilaya ya Kakumiro. Kumwita mbunge wa Bugangaizi ni kumpunguzia eneo lake.

Basi kijana wangu, unapozungumzia 1964 sema kaunti, na unapomtaja mbunge wa leo taja jimbo lake kwa jina kamili, kama vile Bugangaizi Mashariki. Nawe mama, jimbo unalolijua kule Bunia ni neno sahihi kabisa kwenu. Huku kwetu kazi hiyo, kwa kiasi chake, hufanywa na wilaya, na anayeiongoza tunamwita mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza la wilaya.