Laitimotifu si muziki wa steringi kuingia

Siku hizi kila muziki mzito unaolia steringi akitokea unaitwa laitimotifu. Kwa kifupi, laitimotifu ni kipande kidogo cha muziki, pengine noti chache tu, kinachofungamanishwa na mtu, kitu au hisia, kisha kikawa kinarudi na kubadilika kadiri hadithi inavyokwenda. Neno ni la Kijerumani, na aliyelieneza ni Hans von Wolzogen, katika mwongozo alioandika mwaka 1876 kuwasaidia wasikilizaji wa opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) za mtunzi Mjerumani, Richard Wagner.

Watu wanashika "kinarudi" na kuliacha "kubadilika". Muziki unaorudi vilevile kila shujaa anapoingia ni utambulisho tu, kama ule wa taarifa ya habari redioni. Mwanafalsafa Adorno na mtunzi wa muziki Eisler walishalalamika mwaka 1947 kwamba sinema imeigeuza laitimotifu kuwa mpambe anayemtangaza bwana wake ilhali kila mtu keshamwona.

Chukua filamu ya Black Panther ya 2018. Mtunzi wake, Ludwig Göransson, alikwenda Senegal na kufuatana na mwanamuziki wa huko, Baaba Maal. Kwa T'Challa, yaani steringi mwenyewe, alichagua tama, ngoma ya kwapani inayosema, iliyopigwa na Massamba Diop, na ngoma hiyo inaita jina lake. Hapo bado ni utambulisho, tena mzuri. Mambo yanaanza kunoga kwa adui yake, Killmonger, ambaye ni mtoto wa baba yake mdogo T'Challa. Yeye amepewa filimbi ya Kifulani, na mpigaji, Amadou Ba, anapuliza huku akisema na kufoka ndani yake. Chini ya filimbi kuna midundo ya hip hop. Filimbi ni upande wa baba, hip hop ni Oakland, jiji la Marekani alikolelewa. Hata usipoambiwa ukoo wao, unasikia kwamba huyu adui ni damu yao, ila kakulia kwingine. Anapoingia kukalia kiti cha enzi, kamera ikiwa kichwa chini, midundo ya Oakland inaingia naye ikulu. (Ukitazama nakala iliyotafsiriwa, DJ anaongea juu ya haya yote. Pole.)

John Williams alifanya vingine katika Superman ya 1978. Katikati ya gwaride la shujaa, lile la tarumbeta, aliweka muziki wa mapenzi ya Superman na mpenzi wake, Lois Lane. Yaani majina ya waigizaji bado yanapita, Lois mwenyewe hujamwona, na tayari yumo ndani ya muziki wa Superman. Baadaye wanaporuka pamoja usiku, muziki uleule unarudi peke yake, polepole, bila gwaride. Steringi ni yuleyule, lakini sasa tunamsikia mwanamume aliyependa.

Kwa hiyo mtu akiniambia shujaa fulani ana laitimotifu, namuuliza: imekuwaje baada ya yeye kufiwa, kupenda au kusalitiwa? Kama haikuwa chochote, tuuite muziki wake wa utambulisho, na hilo si tusi. Na wale wanaosema Joker, adui wa Batman katika filamu ya The Dark Knight, hana laitimotifu kwa kuwa hakuna cha kupigia mluzi, wasikilize tena ule uzi mmoja wa selo (ala kama fidla kubwa) unaovutwa na kupanda mpaka meno yanauma. Anayo.