Je, wajua kwa nini wanamuziki wanaobuni papo hapo hawagongani?

Mpiga saksafoni anafumba macho na kuanza kupiga kitu ambacho hata yeye hakukijua dakika moja iliyopita. Mpiga besi hajawahi kukisikia, mpiga dramu vilevile, na mbele yao hakuna karatasi. Hata hivyo wote wananyamaza kwa pamoja, kisha wanaingia tena kwa pigo lilelile. Wasikilizaji wengi hudhani siri ni wepesi wa masikio: mmoja anapiga, wenzake wanamsikia na kumfuata.

Haiwezekani iwe hivyo, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Mtu akiambiwa abonyeze kitufe mara tu asikiapo mlio, kidole chake huchukua takriban milisekunde 150 kuitikia. Jazi ya kasi huenda mapigo 200 kwa dakika, maana yake kila pigo lina milisekunde 300. Mpiga dramu akingoja kwanza aisikie besi ndipo apige, atakuwa amechelewa nusu pigo zima, na kila aliyemo ukumbini atasikia mambo yameharibika. Wanamuziki wazoefu hawapishani kiasi hicho. Kwa kawaida tofauti yao ni milisekunde 30 hadi 50 tu. Hapo hakuna anayemfuata mwenzake. Kila mmoja amekwisha kukisia pigo lijalo litaangukia wapi, na mkono wake uko njiani kabla sauti haijatoka.

Ukisiaji huo ni wa kila binadamu. Mwambie mtu agonge meza akifuatisha mlio wa metronomu, kifaa kinacholia kwa vipindi sawasawa, na mara nyingi utakuta kidole chake kinautangulia mlio kidogo, mwenyewe akiapa kwamba anagonga sawasawa nao.

Ndiyo maana umbali huwasumbua wanamuziki kuliko tunavyodhani. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wawili waliotengana kwa mita 10 husikiana kwa kuchelewa milisekunde 29, na hapo wameshakaribia mwisho wa kuvumilika. Kwa intaneti ucheleweshaji unaweza kuzidi huo. Kila mmoja humsikia mwenzake yuko nyuma, anapunguza mwendo ili amngoje, mwenzake naye anafanya hivyohivyo, na wimbo unazorota ingawa hakuna aliyetaka uzorote.

Sasa, ukisiaji mzuri unatoka wapi? Unatoka kwenye kitu ambacho wote wanakijua kabla ya noti ya kwanza. Nyimbo nyingi za jazi zina vipimo 32, kila kimoja kikiwa na mapigo manne: vipimo 8 vya mwanzo hupigwa mara mbili, vinafuata 8 vyenye sura nyingine, kisha vile vya mwanzo hurudi. Bendi hupiga wimbo wenyewe kwanza, halafu huuzunguka mpangilio huo tena na tena huku kila mmoja akibuni yake juu yake. Mwaka 1959, mpiga tarumbeta Miles Davis aliingia studio New York akiwa na michoro mifupi tu ya kuwapa wenzake. Mmoja wa nyimbo zilizotoka humo, “So What”, una vipimo 32 vya namna hiyo: 16 katika skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, 8 katika skeli iliyopandishwa nusu hatua, 8 kurudi nyumbani. Ramani yenyewe ingeenea kwenye kiganja cha mkono, na ndiyo iliyowapa uhuru.

Hata wakubwa hupotea humo. Ndiyo sababu mpiga dramu mzuri hugonga toazi kwa nguvu kila mzunguko mpya unapoanza, na mpiga besi akakanyaga noti ya msingi palepale. Aliyepotea akiisikia alama hiyo anajua yuko wapi, anarudi njiani, na watazamaji hawakujua kama kuna aliyekuwa amepotea. Mimi naona kazi hii haisifiwi inavyostahili. Makofi hupigiwa saksafoni, lakini mtu wa besi ndiye aliyeishika nyumba isianguke.

India Kaskazini wana ramani ya namna nyingine, nami kwangu ndiyo ya ajabu kupita zote. Mzunguko uitwao tintal una mapigo 16, na pigo la kwanza, sam, ndilo pa kufikia. Mpiga sitar, ala ya nyuzi, anaweza kutangatanga atakavyo, lakini mwishoni huleta tihai: kifungu kimoja kinachorudiwa mara tatu, kimepimwa ili pigo lake la mwisho liangukie juu ya sam. Mpiga tabla, yaani ngoma mbili ndogo, aliye mjuzi akikisikia mara ya kwanza huwa ameshaanza kupiga hesabu, na mara ya tatu wanatua pamoja. Wasikilizaji nao huhesabu kwa mikono: wanapiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 wanageuza kiganja bila sauti. Kwa hiyo ukumbi mzima unajua sam iko wapi, na wakifika, watu huguna kwa raha.

Kwa Waewe wa Ghana na Togo kazi hiyo hufanywa na kengele ya chuma, gankogui. Mpigaji wake hurudia mfuatano uleule bila kubuni chochote, na ngoma kuu, atsimevu, hucheza juu yake ikitoa ishara za kubadilisha mwendo.

Yasiyomo kwenye ramani hupitia macho, pumzi na mikono. Katika jazi, anayegusa utosi wake anasema turudi kwenye wimbo wa mwanzo. Vidole vinne juu maana yake tupokezane vipimo vinne vinne: mmoja anabuni, mwingine anamjibu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwemo Charles Limb, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wapiga piano wa jazi wakiwa katika mapokezano hayo. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na mpangilio wa lugha zilichangamka, ilhali ile inayoshughulikia maana za maneno ilitulia. Wanaosema kwamba bendi inazungumza hawako mbali na ukweli.

Kuna wakati ukisiaji hukosea. Herbie Hancock amesimulia mara nyingi jinsi miaka ya 1960, Stuttgart, Ujerumani, Davis akiwa katikati ya solo ya “So What”, yeye kwenye piano alibonyeza noti zisizofaa kabisa. Davis alitulia kidogo, kisha akapiga tarumbeta noti zilizofanya zile za Hancock zionekane zilikusudiwa. Hakumrekebisha mwenzake, aliichora ramani upya papo hapo.

Bendi hiyo ya Davis ilikaa pamoja miaka kadhaa, na ilipozunguka Ulaya mwaka 1967 ilikuwa imeacha kabisa kutangaza nyimbo. Onyesho zima lilikwenda bila kusimama. Wimbo mmoja ukiwa bado unachemka, Davis alitia noti chache za mwanzo wa mwingine, na wenzake, Wayne Shorter, Hancock, Ron Carter na Tony Williams, wakageuka naye: mwendo mwingine, ramani nyingine, bila neno hata moja.