Kinga ya kisheria kwa mhudumu anayetii agizo la kutofufua

Moyo wa mgonjwa ukisimama, mhudumu wa afya hangoji kuambiwa la kufanya. Anaweka viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzake akipuliza hewa na mwingine akiandaa mashine ya kushtua moyo. Mgonjwa akiwa mzee aliyekonda, mbavu huvunjika, na anayekandamiza huusikia mvunjiko ule chini ya mkono wake. Haombi ruhusa. Sheria humchukulia mtu asiyeweza kusema kuwa angependa kuokolewa.

Agizo la kutofufua, ambalo mahospitalini hujulikana kwa herufi DNR, ndilo linalomtoa mgonjwa katika kanuni hiyo. Ni agizo la maandishi lenye saini ya daktari, kwa kawaida kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe au ya mtu anayemsemea kisheria: moyo au pumzi ikikoma, asikandamizwe kifua, asishtuliwe kwa umeme, asiingizwe mpira wa hewa kooni. Agizo linaishia hapo. Halizuii dawa ya maumivu, halizuii oksijeni wala maji, na mgonjwa huyo akipata nimonia anatibiwa kama mwingine yeyote, isipokuwa amekataa na hayo pia.

Kinga ya kisheria inamhusu yule aliyesimama kando ya kitanda. Ni kifungu cha sheria kinachosema kwamba mhudumu aliyelitii agizo halali kwa nia njema hatafunguliwa kesi ya jinai, hatadaiwa fidia, na hataadhibiwa na baraza la taaluma yake. Yote matatu yanatajwa kwa makusudi, kwa kuwa muuguzi anaweza kushinda mahakamani na bado akapoteza leseni, ndiyo riziki yake.

Kwa nini alindwe? Fikiria anachokiona mtu anayechungulia mlangoni: mgonjwa anakata roho, na aliyesomea kuokoa maisha amemshika mkono tu, hafanyi kingine. Kisheria mhudumu ana wajibu kwa mgonjwa wake, na kuacha kufanya linalopaswa kufanywa ni kosa sawa na kufanya lisilopaswa. Bila kinga, hesabu yake ni nyepesi. Akimkandamiza mtu aliyekataa, huenda asiulizwe na yeyote. Akimwacha afe kwa amani kama alivyoomba, huenda akaburutwa mahakamani na ndugu aliyefika kesho yake. Mwenye hofu atakandamiza. Kwa hiyo, ingawa sheria inamtaja mhudumu, anayelindwa hasa ni mgonjwa: neno lake lina nguvu pale tu anayelitii hana cha kuogopa.

Haya yalijifunzwa kwa tabu. Njia ya kukandamiza kifua bila kukipasua ilitangazwa mwaka 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Iliwafaa sana watu wenye miili yenye uwezo wa kupona, waliosimama moyo ghafla, kwa mfano wakiwa kwenye dawa ya usingizi. Haikuchukua muda ikawa desturi kwa karibu kila anayefia hospitalini, hata aliyemalizwa na saratani. Wahudumu walioona kuwa ni mateso matupu hawakuwa na njia halali ya kuacha, wakabuni za kificho. Agizo lilinong'onwa wakati wa kupokezana zamu. Wengine walijikokota kwenda kitandani na kukandamiza kwa kuigiza tu. Katika hospitali moja ya Queens, New York, vibandiko vya rangi ya zambarau vilibandikwa kwenye kadi za wauguzi kuonyesha nani asifufuliwe, na kadi zenyewe zilitupwa mgonjwa akishakufa. Jopo la raia lililoitwa kuchunguza jambo hilo lilitoa taarifa yake mwaka 1984. Mimi kadi zile zilizotupwa hunisikitisha kuliko vibandiko, maana hakuna ndugu ambaye angeweza kuuliza kitu na kuonyeshwa jibu.

Jimbo la New York lilitunga sheria mahususi ya maagizo haya mwaka 1987, ikaanza kutumika 1988. California ilikuwa imetangulia mwaka 1976 kwa sheria pana zaidi, iliyomlinda daktari anayefuata maandishi ya mgonjwa mahututi ya kukataa mashine za kurefusha uhai. Sheria ya New York ilitoa kinga, lakini kwa sharti la uwazi: ridhaa ipatikane, agizo liandikwe, likae kwenye faili.

Uzito wote wa kinga unaegemea maneno mawili: nia njema. Maana yake si moyo mwema. Maana yake ni kwamba mhudumu aliliona agizo, alihakikisha mgonjwa ndiye huyo, na hakuwa na habari kwamba limetenguliwa. Hata ikija kugundulika baadaye kuwa lilikuwa na kasoro asiyoweza kuijua, bado amelindwa. Uingereza na Wales, Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 imeliweka jambo hili pande mbili. Anayeacha tiba kwa kuamini, kwa sababu za maana, kwamba mgonjwa aliikataa kihalali mapema hana hatia. Na anayeendelea kutibu kwa kuwa hajaridhika kwamba kukataa huko kupo hana hatia pia. Nadhani huu ni utunzi mzuri wa sheria, kwa sababu hauwasukumi watu kuamua kwa woga upande wowote.

Mgonjwa anaweza kutengua agizo lake wakati wowote, kwa mdomo tu, hata kwa kulichana mbele ya muuguzi. Muuguzi aliyeyasikia maneno hayo kisha akakunja mikono hana kinga tena. Kwa upande wa ndugu, sheria nyingi za majimbo ya Marekani haziwapi uwezo wa kutengua agizo alilolitoa mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu, labda awe yule aliyeteuliwa kumsemea. Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Mtoto wa mgonjwa analia, "Fanya kitu, mbona unamtazama tu!" Muuguzi anajua kuwa mama huyu alisaini karatasi yake wiki mbili zilizopita, kwa mkono unaotetemeka, na akaomba mto ushushwe kidogo ili aone anachokiandika. Kinga haimwondolei muuguzi uchungu wa kelele ile. Inamwezesha kubaki na mama, na kumwambia mtoto amshike mkono.

Umbo la agizo nalo lina uzito. Mwaka 2017 madaktari wa Miami, Florida, walieleza kisa cha mzee wa miaka 70 aliyeletwa akiwa hajitambui, kifuani ana chale za wino zilizoandika asifufuliwe, na saini chini yake. Sheria ya Florida hutambua fomu maalumu ya karatasi ya njano, si ngozi. Mwanzoni waliendelea kumtibu. Washauri wa maadili wakasema chale zile ziheshimiwe, na baadaye fomu yake halisi ikapatikana. Alifariki bila kufufuliwa. Miaka mitano kabla ya hapo, huko California, kilichapishwa kisa cha mtu mwenye chale kama hizo aliyesema angetaka kufufuliwa: alizichora kwa kushindwa dau la karata. Kwa visa hivi viwili naelewa kwa nini sheria hushikilia fomu, bangili au alama iliyokubaliwa.

Kinga haifuniki uzembe. Kumwacha mgonjwa na maumivu, au kuchelewa kumgeuza mpaka apate vidonda, kisha kujitetea kuwa "ana agizo la kutofufua", ni kosa lisilofichika nyuma ya karatasi. Haimfuniki pia anayeliandika agizo kimyakimya. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mgonjwa asiposhirikishwa katika uamuzi huo bila sababu nzito, haki yake ya maisha binafsi imevunjwa, hata kama kwa utabibu kufufua kusingefaa. Kuna pia vifungu vidogo vinavyowatuliza wengi: majimbo mengi ya Marekani hutamka kwamba kufa chini ya agizo hili si kujiua, na kampuni ya bima ya maisha haiwezi kulitumia kukataa kulipa.

Na anayelipuuza agizo? Ohio, mwaka 1988, mzee wa miaka 82 alishtuliwa moyo na muuguzi ilhali agizo lilikuwepo, akaishi, kisha akapata kiharusi. Kesi ilifunguliwa. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema kurefushiwa uhai si madhara yanayoweza kudaiwa fidia. Ninaiona hukumu hiyo kuwa pengo: anayetii amejengewa ngao, asiyetii hakuguswa.

Kwa wahudumu wa gari la wagonjwa mambo huwa ya sekunde. Wanafika, mtu yuko sakafuni, karatasi haionekani. Wanaanza kukandamiza, na hawakosei. Mkewe akitoka chumbani na fomu mkononi, wanalinganisha jina, wanaangalia saini, wanaacha. Sheria nyingi huwalinda kwa yote mawili, kuanza na kuacha. Kisha mmoja wao anaandika saa waliyoanza, saa waliyoonyeshwa agizo, na nani aliyeleta.