Usingoje fainali: tunayoyaamini vibaya kuhusu kutazama kuogelea

Julai 30, 2025, kwenye mashindano ya dunia ya Singapore, Mfaransa Léon Marchand aliogelea mita 200 za mitindo mchanganyiko kwa 1:52.69. Rekodi iliyokuwapo, 1:54.00 ya Mmarekani Ryan Lochte, ilikuwa imedumu tangu Shanghai 2011. Katika mchezo ambao rekodi hupunguzwa kwa punje za sekunde, Marchand alikata zaidi ya sekunde nzima. Sikuiona. Nilikuwa nimetega kengele ya simu kwa ajili ya fainali ya kesho yake, na rekodi ikaja nusu fainali. Kesho yake alitwaa dhahabu, lakini muda ule hakuufikia tena.

Kilichoniponza ni imani tu, ile inayosema kwamba la maana liko fainali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza mashabiki wenzangu wanavyozungumza, na imani za namna hiyo tunazo nyingi. Baadhi tulizirithi enzi za kungoja muhtasari wa usiku kwenye televisheni, nyingine zimekuja na simu.

"Mchujo ni wa kupasha misuli moto"

Hii ndiyo iliyoninyima rekodi ya Marchand, kwa hiyo naanza nayo.

Mbio za mita 50, 100 na 200 hupitia mchujo, nusu fainali na fainali. Mbio ndefu, kuanzia mita 400, hazina nusu fainali kabisa: wanane bora wa mchujo ndio wanaorudi, wengine safari imekwisha. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Mtunisia Ahmed Hafnaoui, kijana wa miaka 18, alipita mchujo wa mita 400 mtindo huru akiwa wa nane, yaani nafasi ya mwisho kabisa. Fainalini akashinda kwa 3:43.36. Aliyekuwa usingizini wakati wa mchujo aliamka akakuta bingwa asiyemjua ametoka wapi. Aliyeutazama alijua jinsi kijana huyo alivyoponea chupuchupu.

Mbio za kupokezana nazo zina siri yake. Timu inaruhusiwa kutumia waogeleaji tofauti kwenye mchujo na fainali, na ikipata medali, walioogelea mchujo nao wanavishwa. Ndivyo Yu Zidi wa China, mtoto wa miaka 12, alivyoondoka Singapore na shaba ya mita 200 mara nne. Aliogelea mchujo, wenzake wakamaliza kazi fainalini. Ukitazama fainali tu, mwogeleaji aliyezungumzwa kuliko karibu wote mwaka ule humwoni majini katika mbio zilizompa medali.

Zamani tulikuwa na sababu ya kutouona mchujo, maana stesheni hazikuonyesha. Leo matangazo ya mtandaoni huanza na kundi la kwanza la asubuhi, lile lenye waogeleaji wenye muda wa polepole zaidi. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyoufikia mchezo huu, na inanisikitisha kuona watu wanayapita.

"Njia ya 4 ina maji mepesi"

Kwa kuwa nimemtaja Hafnaoui, niseme pia alishindia njia ya 8, ya pembeni kabisa kati ya nane zinazoogelewa. Mshindi hutokea mara nyingi njia ya 4 kwa sababu aliyekuwa na kasi zaidi katika hatua iliyotangulia ndiye anayepangwa hapo. Wa pili hupewa ya 5, wa tatu ya 3, kisha 6, 2, 7, 1 na 8. Ni mpangilio wa muda. Kweli mawimbi yanayogonga ukuta wa pembeni yalikuwa kero, ndiyo maana mabwawa mengi ya mashindano makubwa sasa yana njia kumi na zile mbili za kingoni zinaachwa tupu. Faida inayobaki katikati ni ya macho: unawaona wapinzani pande zote mbili. Lakini na aliye pembeni ana yake, maana hakuna anayemchunga. Hafnaoui aliitumia hiyo.

"Mubashara ni mubashara"

Waogeleaji wanane wamepanda vijukwaani. Uwanja umenyamaza. Wanainama, vidole vinashika ukingo, mguu mmoja nyuma. Na papo hapo simu inatetemeka mkononi: ujumbe wa rafiki, "Umeona huyo!" Kwenye kioo changu hakuna aliyerusha hata mguu.

Picha ya mtandaoni haisafiri kama ya antena. Hukatwa vipande vidogo, hupitishwa kwenye seva, kisha simu yako huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuonyesha ili picha isigandegande. Ukijumlisha yote, ucheleweshaji unafika sekunde 20, 30, wakati mwingine zaidi. Kwa mpira wa miguu hilo ni usumbufu. Kwa kuogelea ni msiba, maana mita 50 mtindo huru kwa wanaume wa kiwango cha dunia huchukua chini ya sekunde 22. Yaani mbio zinaweza kuwa zimeanza, zimekwisha na mshindi ameshavua miwani, wewe bado unamwona amesimama kijukwaani. Programu za matokeo hupokea namba moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya muda, hivyo zinaitangulia picha karibu kila mara.

Dawa ni rahisi: zima tahadhari zote kabla ya kipindi kuanza, na kundi la marafiki ulifungue mbio zikiisha.

Kuna na dada yake imani hii, kwamba kikiwa mtandaoni kinaonekana popote. Haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi au kanda kwa kanda, na kiungo kinachofunguka kwa mwenzako aliye ng'ambo kinaweza kukataa kwako. Mambo haya yatazame wiki moja kabla, usiyangoje siku ya kwanza ya mchujo.

"Wakifungana, mitambo imeshindwa"

Hapa naomba subira, kwa sababu hili ndilo linalobishaniwa zaidi kila mara ubao unapoandika namba 1 mara mbili. Olimpiki ya Rio 2016, mita 100 mtindo huru wanawake, Simone Manuel na Penny Oleksiak waligusa wote kwa 52.70, wakapewa dhahabu wote wawili. Kwenye michezo hiyohiyo watu watatu waligawana fedha ya mita 100 kipepeo: Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh, wote 51.14, nyuma ya Joseph Schooling. Watu wakauliza: kwa teknolojia yote hii, hawawezi kupima sehemu moja ya elfu ya sekunde?

Wanaweza, na walishawahi. Munich 1972, mita 400 mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alipewa dhahabu mbele ya Tim McKee wa Marekani kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu ya sekunde. Baadaye wakubwa wa mchezo waliamua kuishia kwenye sehemu moja ya mia ya sekunde, na sababu yao ni ya fundi uashi kuliko ya fundi saa. Mwogeleaji mwenye kasi huenda takriban mita mbili kwa sekunde. Sehemu moja ya elfu ya sekunde kwake ni milimita mbili. Sasa hakuna anayeweza kuapa kwamba njia ya 3 na njia ya 6 zina urefu ule ule hadi milimita mbili. Zege na vigae havijengeki hivyo, na kanuni zenyewe zinaruhusu bwawa kuzidi kidogo. Ukipima hadi sehemu ya elfu, unaweza kuwa unampa medali mtu aliyepangiwa upande mfupi. Kuwapa wote wawili dhahabu ni haki zaidi, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Halafu kuna suala la nani "alionekana" kafika kwanza. Beijing 2008, fainali ya mita 100 kipepeo, Milorad Čavić wa Serbia alifika akiwa amenyoosha mikono, anateleza kuelekea ukutani. Phelps, aliyekuwa nyuma yake, akaongeza mkupuo mmoja mfupi na kuupiga ukuta. Kwa macho ya wengi Čavić ndiye aliyeshinda. Ubao ukasema Phelps 50.58, Čavić 50.59. Pedi iliyo ukutani haijali nani amekaribia, inasubiri isukumwe kwa nguvu ya kutosha, na mkono unaoteleza polepole huchelewa kuisukuma. Ndiyo maana makocha huwafundisha watoto kumalizia kwa kupiga ukuta, wasiupapase.

"Klipu inatosha"

Sina ugomvi na klipu. Zimewaleta kwenye mchezo huu vijana ambao wasingewahi kukaa saa mbili mbele ya televisheni. Na wale wanaodai kwamba watu hawana tena uvumilivu wa kutazama kuogelea nadhani wamekosea: kwenye majaribio ya timu ya Marekani mwaka 2024, bwawa lilijengwa ndani ya uwanja wa mpira wa Kimarekani mjini Indianapolis, na usiku wa kwanza tu zaidi ya watu 20,000 waliingia.

Shida ya klipu ni kwamba inaanzia mwishoni, wakati mbio nyingi huamuliwa mahali ambapo jicho la haraka halitui. Julai 31, 2024, Paris, Marchand alifika kwenye mgeuko wa mwisho wa mita 200 kipepeo akiwa nyuma ya Kristóf Milák. Akausukuma ukuta, akabaki chini ya maji kwa mateke ya pomboo, na alipoibuka walikuwa karibu sawa. Kanuni inamtaka kichwa kiibuke kabla ya mita 15, na yeye anazitumia takriban zote. Kamera ya juu wakati ule inaonyesha povu tu. Ukitaka kuelewa alivyoshinda, itafute picha ya kamera ya chini ya maji. Na ukitazama mfululizo, unamwona akirudi bwawani usiku huohuo, chini ya saa mbili baadaye, kwa mita 200 mtindo wa chura, kila kichwa chake kinapoibuka uwanja mzima unanguruma, kinapozama unanyamaza. Akashinda na hiyo.

Au chukua mita 800 za wanawake Singapore: Katie Ledecky 8:05.62, Lani Pallister 8:05.98, Summer McIntosh 8:07.29. Urefu wa bwawa mara 16, na kati ya dhahabu na fedha kuna 0.36 tu ya sekunde. Unaambiwa mbio ndefu zinachosha. Hizi nilizitazama nimesimama.

"Kuogelea ni mara moja kila miaka minne"

Mashindano ya dunia yalianza Belgrade mwaka 1973, na katika miaka ya karibuni, baada ya korona kuvuruga ratiba, yamekuja mfululizo: Budapest 2022, Fukuoka 2023, Doha 2024, Singapore 2025. Yapo pia ya bwawa la mita 25, ambako migeuko ni mingi na rekodi zake huandikwa kwenye orodha ya peke yake, usizichanganye na za mita 50.

Saa za fainali nazo usizitegemee kwa mazoea ya jioni. Beijing na Tokyo ziliogelewa asubuhi ili Marekani izione usiku wake. Na Los Angeles 2028 wamegeuza hata wiki: riadha inatangulia, kuogelea kunafuata wiki ya pili, kwenye uwanja wa SoFi, pamoja na mbio mpya za Olimpiki za mita 50 za chali, chura na kipepeo. Anayeomba likizo kazini aombe ya wiki hiyo, na aanze na asubuhi ya mchujo.