Waliishi kwa bahari bila kuingia baharini

Ukitaja wawindaji na wakusanyaji wa kale wa pwani, wengi huwaza mtumbwi, mshipi na papa. Kazi yangu mimi ni mifupa ya wanyama na magamba yanayofukuliwa mapangoni, na magamba hayo yana habari nyingine. Kwa muda mrefu mno watu walikula vya baharini bila kulowa zaidi ya magoti. Kilichowalisha ni kujua saa ya maji kupwa na kujaa.

Mfano ninaoujua vizuri ni pwani ya Afrika Kusini. Karibu na mji wa Mossel Bay kuna majabali yaitwayo Pinnacle Point, na katika pango lake moja timu ya mwanaakiolojia Curtis Marean ilifukua magamba ya kome walioliwa yapata miaka 164,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa 2007. Zilikuwa nyakati za barafu: bara limekauka, bahari imerudi nyuma, na ufuo uko kilomita kadhaa kutoka pangoni. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Huwezi kujiamkia tu ukafunga safari hadi ufukweni. Utakuta maji yamejaa na utarudi mikono mitupu. Tena mawimbi ya kule si ya mchezo. Kome wengi wako chini kabisa, sehemu inayofunuka vizuri wakati wa bamvua tu, siku maji yanapokupwa kuliko kawaida. Anayekwenda pwani kuokota chaza Unguja au Kilwa hahitaji kuelezwa haya: maji mafu unabaki nyumbani, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu unachukua kapu. Marean anaamini watu wale walikuwa wameshaunganisha mwezi na maji. Hakuna gamba litakalothibitisha hilo moja kwa moja, ila mimi naona vigumu kuzieleza safari zile kwa namna nyingine.

Jaa la magamba halivutii ukiliona. Ni vumbi la kijivu, majivu na vipande vyeupe. Tunachekecha, tunaosha, tunatenga. Kome ana magamba mawili na mara nyingi yamevunjika, kwa hiyo tunahesabu ile ncha nene tu, pale magamba yanapoungana: za kushoto mbali, za kulia mbali. Upande wenye nyingi ndio unaotupa idadi ya chini kabisa ya kome walioliwa. Kuna pia konokono wa mwambani mwenye gamba moja la umbo la koni, anayeng'ang'ania jiwe mpaka umbandue kwa nguvu. Huyo tunampima urefu, mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Kazi inachosha, lakini imezaa hoja nzito. Mwanaakiolojia Richard Klein na wenzake walionyesha kuwa konokono hao katika tabaka za Zama za Mawe za Kati, kipindi cha wale wa Pinnacle Point, kwa wastani ni wakubwa kuliko wale wa Zama za Mawe za Mwisho zilizofuata. Wakiokotwa mara kwa mara hawapati nafasi ya kukua. Kwa maana hiyo, wale wadogo wa baadaye ni dalili kwamba walaji walikuwa wameongezeka.

Ila kama ningeambiwa nichague mfupa mmoja tu, ningechagua wa sili, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha na kupanda ufukweni. Sili wa pwani ile huzaliwa Novemba na Desemba, na huacha kunyonya wakikaribia miezi tisa au kumi, kati ya Agosti na Oktoba. Mtoto aliyetoka tu kuachishwa bado ni mgeni wa kujitafutia; wengi hutupwa ufukweni na mawimbi wakiwa hoi au wamekufa. Ukipima upana wa ncha ya chini ya mfupa wa mkono, ile ya kwenye kiwiko, unakadiria umri. Katika maeneo ya Zama za Mawe za Mwisho vipimo vinarundikana kwenye miezi tisa hivi. Watu walikuja kwa msimu. Katika tabaka za zamani zaidi, kama za mapango ya Klasies River, pwani hiyohiyo ya kusini, umri umechanganyika. Klein anaona hapo watu ambao bado hawakuujua msimu. Mimi siendi mbali hivyo: anayekaa pwani mwaka mzima naye ataacha sili wa kila rika.

Na sili hakuwa anasa. Nyama ya kome haina mafuta wala wanga wa kutosha, na mwili wa binadamu hauwezi kuendeshwa kwa protini peke yake. Mafuta ya sili yalijaza pengo hilo, pamoja na viazi na vitunguu vya porini ambavyo ardhi ya Cape inavyo kwa wingi. Pinnacle Point pia ilipatikana sehemu ya kiumbe mdogo mwenye gamba anayeota kwenye ngozi ya nyangumi tu. Inaelekea mtu alikuta nyangumi aliyekwama ufukweni, akakata kipande akakibeba.

Samaki wana hadithi fupi zaidi. Mifupa yao imo kwenye pango la Blombos katika tabaka za zaidi ya miaka 70,000, lakini wingi wa kweli unaonekana Zama za Mawe za Mwisho, pamoja na vijiti vya mfupa vilivyochongwa ncha pande mbili, vinavyodhaniwa kuwa vilifanya kazi ya ndoana. Zile kuta za mawe za kunasia samaki karibu na Still Bay, ambazo watalii huambiwa ni za kale sana, uchunguzi uliochapishwa 2010 ulionyesha nyingi ni za miaka 300 iliyopita hivi.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa pwani ya magharibi, Elands Bay. John Parkington alipendekeza kwamba watu walikaa pwani majira ya baridi na kuhamia milimani kiangazi, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba kiangazi bahari ile hugeuka nyekundu kwa vijimea vyenye sumu, na kome huchuja maji hayo na kuiweka sumu mwilini. Hoja nzuri kweli. Lakini katika miaka ya 1980 Judith Sealy na Nikolaas van der Merwe walipima kaboni katika mifupa ya watu wenyewe, kwa kuwa chakula cha baharini huacha humo alama yake, wakakuta waliozikwa pwani walikula vya baharini kwa wingi kuliko ambavyo mtu wa nusu mwaka angekula. Mpaka leo wapo wanaobishana juu ya namna ya kuvisoma vipimo hivyo. Mimi niko upande wa mifupa.

Nyumbani mambo ni tofauti. Pango la Panga ya Saidi, Kenya, liko kama kilomita 15 kutoka Bahari ya Hindi, na ndimo alimozikwa mtoto mmoja miaka 78,000 iliyopita. Magamba ya baharini yamo, ila mengi ni ya shanga na mapambo. Chakula kilitoka msituni na mbugani. Pango la Kuumbi, Unguja, nako tabaka za zamani zina mifupa ya punda milia, kwa sababu bahari iliposhuka kisiwa kilikuwa kimeshikana na bara. Watu wale waliijua bahari, wakavaa magamba yake, na bado waliona nyama ya nchi kavu inawatosha.