4,294,967,297: namba iliyodhaniwa kuwa tasa

Zidisha mbili 32 pamoja (2³²), kisha ongeza 1. Jibu ni 4,294,967,297, yaani F5 katika namba za Fermat (Fn ni 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, kisha ongeza 1; hapa 2⁵ ni 32). Zinazoitangulia, F0 hadi F4, ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba mfuatano mzima uko hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja F5: 641 × 6,700,417.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha F5 kinazidi 65,536 kwa chembe tu. Anayejaribu kila namba tasa hadi hapo ana 6,542 za kupitia. Njia ya mkato ni kwamba kigawo tasa chochote cha F5 lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 64. Za mwanzo zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Basi, jaribio la tano tu linatosha.

Unaweza kuhakiki hata bila kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 baki ni −1 (yaani imepungukiwa 1 tu ili igawanyike). Ipandishe kwenye kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakisha 1. Lakini 641 ni 5⁴ + 2⁴ pia, hivyo mahali pa 5⁴ unaweza kuweka −2⁴. Unapata −2³² yenye baki 1, maana yake 2³² + 1 haibakishi kitu.

Mtego uko kwenye kipimo cha Fermat mwenyewe: p ikiwa tasa na si 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 ikigawanywa kwa p hubakisha 1. F5 inakipita kipimo hicho ingawa si tasa, kwa kuwa 2³² inabakisha −1, 2⁶⁴ inabakisha 1, na F5 − 1 ni kigawe cha 64. Tumia 3 badala ya 2 na uongo unafichuka: baki ni 3,029,026,160.

Ushahidi mwingine, na huu ndio mzuri kuliko yote: F5 ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.

Kwa waandika programu: namba hii inahitaji biti 33, ya kwanza na ya mwisho zikiwa 1, nyingine zote 0. Ukizidisha 641 kwa 6,700,417 katika namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, biti ya juu inadondoka na unabaki na 1, mara nyingi bila onyo lolote. Tumia biti 64.