Je, wajua kwa nini maua mengine hustawi kwenye chungu, tena kivulini?

Kibaraza changu hapa Tanga hupata jua la asubuhi mpaka kama saa nne, kisha mwembe wa jirani hukifunika hadi magharibi. Kwa miaka miwili nilipanda mawaridi pale. Yalirefuka yakakonda, yakainamia upande wa mwanga, halafu majani yakaanza kuwa ya njano na kudondoka. Nilibadilisha udongo, nikaongeza samadi, lakini wapi. Waridi linataka jua la nusu siku au zaidi, na jua hilo sikuwa nalo. Swali ambalo sikuwa nimeliuliza ni hili: mmea huu kwao ni wapi?

Mmea uliotokea uwandani umezoea mwanga mwingi, na ukipungukiwa hurefuka kuutafuta. Ule uliotokea chini ya miti mirefu ya msituni umezoea mwanga mdogo unaopenya kati ya matawi. Majani yake mara nyingi ni mapana na kijani chake kimekolea, ili mwanga huo kidogo usipotee. Ukiuweka kwenye jua la mchana, majani yanaungua na kuota mabaka ya kahawia. Ukiuweka kibarazani, unajiona uko kwao.

Chungu nacho kina masharti yake, kwa sababu udongo ni kidogo na mizizi haina pa kwenda. Anayevumilia hali hiyo ni mmea uliozoea kuishi kwenye ufa wa mwamba. Na mmoja wa mimea hiyo ni wa hapa hapa kwetu. Katika misitu ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini kama mahameli. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vikopo vidogo karibu dunia nzima, na Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Huko porini limebaki kwa shida, maana msitu ukikatwa kivuli chake huondoka nao. Kwa hiyo nunua kwa wanaootesha, usiling'oe mwambani.

Kulizalisha ni rahisi ajabu. Kata jani zima pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, uliweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa vijimea vidogo kama punje za dengu huchomoza pale kikonyo kilipozama. Jani moja hutoa zaidi ya mche mmoja. Unapolimwagilia, mimina kwenye udongo. Maji ya baridi yakikaa juu ya majani yale huacha madoa.

Mwingine wa pwani na misitu ya Afrika Mashariki ni Impatiens, yule wa maua mekundu, ya waridi au meupe, mwenye shina lililojaa maji. Zamani wataalamu walimwita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Huchanua kivulini karibu mwaka mzima, ila hana subira ya kiu. Akikosa maji mchana mmoja hunywea kabisa, na ukimwagilia jioni huwa amesimama tena.

Kama unasafiri sana, panda Zamioculcas, wa majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Huyu pia ni wa kwetu, kuanzia Kenya na Tanzania kwenda kusini. Chini ya udongo ana viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana anaweza kukaa wiki tatu bila tone. Umweke mbali na watoto wadogo, kwa kuwa utomvu wake huwasha mdomo.

Kinachoua mimea ya kivulini, kwa nilivyoona, ni maji mengi zaidi kuliko ukame. Mizizi inahitaji hewa. Penye jua maji hukauka haraka na hewa hurudi kwenye udongo. Kivulini maji hukaa, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Baya zaidi, mmea ulioozewa mizizi hunyauka kama wenye kiu, na mwenyewe anauongezea maji. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo mbichi, usimwagilie mpaka kesho.

Chungu cha udongo wa mfinyanzi hupumua kwa pembeni, ndiyo maana nakipenda kuliko ndoo ya plastiki. Lakini ndoo yenye matundu ya kutosha chini nayo inafaa. Mimi huchanganya udongo wa bustani, samadi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa. Kokoto chini ya chungu ziache. Wengi huziweka wakiamini zinatoa maji, kumbe maji husimama kwenye udongo ulio juu yake mpaka ushibe ndipo yashuke, na unyevu unasogea karibu na mizizi. Na kisahani cha chini ya chungu kimwage kila siku, mbu wa dengi hawahitaji maji mengi kutaga.

Kuhusu mahali pa kuweka, kitazame kibaraza kwa miezi, siku moja haitoshi. Huku kwetu, kusini kidogo ya ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Kibaraza kinachotazama kaskazini kinaweza kuwa na kivuli kizuri Desemba na mwezi wa Juni kikapigwa jua mpaka mlangoni. Shangazi yangu ana alama ya chaki sakafuni mahali jua linapoishia, na kila linapoivuka yeye huvisogeza vyungu vyake hatua moja kuelekea ukutani.